Orodha ya Shule Zisizo na Mwalimu wa Fizikia

Siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za kitenge, saa ya ukutani na mbuzi. Mbuzi nilimla na majirani zangu hapa Chamwino wiki ile ile, kitenge nimekishona, na saa inakwenda mbele dakika tano kila siku, kana kwamba na yenyewe inataka kustaafu. Nashukuru kwa vyote. Lakini kabla keki haijakatwa, Baraka, ambaye sasa amekalia kiti changu cha udahili, alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama Hawa, sasa umestaafu, sema ukweli. Hizi nafasi za upendeleo, wewe mwenyewe ulikuwa unaziamini, au ulikuwa unafanya kazi tu?"

Nilimwambia aniache nile keki. Swali la namna ile halijibiki mtu akiwa amesimama na sahani mkononi. Basi leo nimekaa kibarazani, sina faili la kufungua wala mzazi wa kumtuliza, namwandikia yeye na wenzake wote wa ofisi ile. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na vyote vilichelewa.

Niliingia chuoni kama karani wa masijala. Chuo chetu mnakijua, kinafundisha walimu wa sayansi na mafundi wa maabara, lakini wakati ule kilikuwa na majengo manne na vumbi la kutosha majengo arobaini. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Sikurudia. Fomu za maombi zilikuja kwa posta ndani ya magunia, na aliyetakiwa kuyaburuta magunia kutoka getini hadi masijala alikuwa karani mpya. Saa nne asubuhi nilikuwa peku, nimekunja sketi, nanuka gundi ya bahasha.

Mkuu wa udahili alikuwa Mzee Masinga, Mgogo mrefu, mpole, mwenye penseli moja na kalamu moja mfukoni. Penseli ilikuwa ya kuandikia uamuzi leo, kalamu ilikuwa ya kuuandika tena kesho kama bado anaukubali. Alinipa fomu moja akaniambia nisome. Nikasoma jina, nikasoma matokeo ya kidato cha nne: hisabati C, kemia C, fizikia D. Nikaifunga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Hujaanza. Kasoma wapi?"

Nikafungua tena, nikamtajia shule.

"Nani alimfundisha fizikia pale?"

"Haijaandikwa."

"Basi uliza," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kuuliza kwenyewe kulikuwa kazi. Tuliandika barua kwa wakuu wa shule, wengine wakajibu, wengine hadi leo tunawasubiri. Njia iliyofaa zaidi ilikuwa siku ya usajili, wanafunzi wapya wakiwa kwenye foleni na magodoro na ndoo zao. Kabla sijamgongea mtu muhuri nilimuuliza: shuleni kwenu nani anafundisha fizikia? Nani hisabati? Mna maabara, au mna chumba kilichoandikwa maabara? Majibu yalikuwa ya kuchekesha mpaka uyafikirie. Mmoja aliniambia fizikia walifundishwa na mwalimu wa Kiswahili, anawasomea kitabu kwa sauti nzuri sana. Mwingine alisema hawakuwa na mtu, kwa hiyo kanuni walikuwa wanaziimba mchakamchaka. Nikamwambia aimbe, akaimba yote, bila kukosea neno na bila kuelewa hata moja. Nikaandika jina la shule yake kwenye karatasi. Ndivyo ilivyoanza orodha ya shule zisizo na mwalimu wa fizikia. Kwa miaka kadhaa haikuwa na kazi yoyote, ilikaa chini ya chupa ya chai ya Mzee Masinga.

Kazi yake ilipatikana pale chuo kilipoamua kuanzisha Nafasi za Maandalizi. Utaratibu ulikuwa hivi. Kwa kawaida tulimtaka mwombaji awe na C katika hisabati na fizikia. Sasa msichana aliyetoka shule iliyo kwenye orodha yetu angeweza kukubaliwa akiwa na D katika somo moja kati ya hayo mawili. Angekuja wiki kumi kabla ya wenzake, afundishwe, apewe mtihani. Akishinda anaingia mwaka wa kwanza, akishindwa anarudi nyumbani. Wanafunzi hawakuchelewa kuwapa wasichana hao jina. Waliwaita "wa huruma".

Baraka, mimi nilipinga. Nilizaliwa vilimani Kondoa, darasani tulikuwa wasichana watatu, na masomo yangu niliyasoma huku mdogo wangu yuko mgongoni. Sikupewa alama ya mtu. Nilipoona fomu yenye D inawekwa juu ya fomu yenye C nilihisi kuna kitu changu kinachukuliwa, ingawa ukiniuliza ni kitu gani nisingeweza kukutajia. Nikaenda kwa Mzee Masinga nikamwambia huu utaratibu ni wa kuwadhalilisha hao hao tunaotaka kuwasaidia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipa faili la Nafasi za Maandalizi.

"Mzee, nimekwambia sizitaki."

"Nimesikia. Duka la bei nafuu linataka muuzaji bahili." Akaongeza kwamba sisi watu wa Kondoa tunajulikana kwa kuhesabu hata mbegu za boga. Nilinuna siku mbili, siku ya tatu nikaanza kazi.

Na ubahili ulihitajika. Mwaka wa kwanza tu alifika baba mmoja na suti ya vipande vitatu, na joto lile, na binti aliyevaa viatu ambavyo mimi ningevivaa harusini. Fomu inasema binti kasoma shule ya kata upande wa Chemba, iliyo kwenye orodha, na barua ina muhuri. Nikamkaribisha binti peke yake kwenye kiti, baba nikamwomba abaki mlangoni.

"Asubuhi mkifika shuleni mnaanza na nini?"

"Na paredi, mama."

"Kabla ya paredi?"

Akafikiri. "Tunashuka kwenye gari."

Baba mtu akakohoa. Shule ile, kwa nilivyoambiwa na wote waliosoma huko, gari pekee lililokuwa linafika lilikuwa la chanjo. Wenyeji wake wote walinijibu swali lile kwa neno moja, maji, kwa sababu kila mtoto alifika na dumu lake. Nilimrudishia yule baba fomu yake kwa heshima zote, na tangu hapo swali la asubuhi likawa mtihani wa kwanza wa Nafasi za Maandalizi. Msilitangaze, bado linafanya kazi.

Swali lililonishinda mimi aliniuliza kijana wa Chemba, Juma, mtoto wa wafugaji. Alikuwa na D ya fizikia, na shule yake ilikuwa kwenye orodha. Wasichana wawili aliosoma nao dawati moja nilikuwa nimeshawapokea. Nikamweleza kwamba nafasi hizi ni za wasichana. Alinisikiliza vizuri, amesimama wima, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Mwalimu wa fizikia, hakuwepo kwa wasichana peke yao?"

Nilimwambia ndio utaratibu. Akasema ahsante, akatoka. Nimewajibu wazazi wakali, wanasiasa, na mama mmoja aliyetishia kulala getini, na wote nililala usingizi baada yao. Yule kijana wa adabu ndiye aliyenikosesha. Ilinichukua misimu miwili kuishawishi kamati ya udahili kwamba wavulana wa shule za kwenye orodha nao wapewe sehemu yao, wasichana wakibaki na kubwa zaidi, kwa kuwa dumu la maji na jiko la nyumbani havimsubiri mvulana. Kamati ikakubali. Juma hakurudi kuomba, na sijui alipo. Namsikitikia mpaka leo, na hilo nalo ni sehemu ya jibu lako.

Adui mkubwa wa nafasi hizi alikuwa Dakta Mushi wa hisabati, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kila kikao cha kamati alisema maneno yale yale: "Mwanafunzi darasani hatajua kwamba mwalimu wake alihurumiwa. Atajua tu kwamba haelewi." Wengi walimchukia kwa maneno hayo. Mimi niliyaandika, kwa sababu alisema kweli. Ndiyo maana kila mwaka nilikuwa wa kwanza kukataa mtihani wa wiki kumi kulegezwa. Wapo waliorudi nyumbani, na niliwasindikiza getini mwenyewe. Sikufurahia hata mara moja.

Mzee Masinga akastaafu, nikabaki na penseli yake. Kisha ikaja sistimu. Magunia yakaisha, fomu zikaanza kuingia kwenye kompyuta, na Baraka akaletwa kwangu akiwa kijana mbichi, kunifundisha mimi nilichotakiwa kumfundisha yeye. Tulielewana upesi. Yeye alijua kubofya, mimi nilijua wapi pa kutilia shaka.

Msimu mmoja Baraka akaniita. "Mama, njoo uone maajabu." Waombaji arobaini na mmoja walikuwa na namba moja ya simu, wote wa upande wa Haneti. Hilo lingeweza kupita. Lakini pale penye swali, "Kwa nini umechagua chuo hiki?", wote arobaini na mmoja walikuwa wameandika: "Nimechagua chuo hiki kwa sababu baba yangu ni fundi baiskeli na napenda vifaa."

Ofisi nzima ilicheka. Kwa wiki nzima, mtu akichelewa kazini aliambiwa aende Haneti akatengenezewe pancha. Tukikumbuka yule baba wa suti, hatukuwa na shaka kwamba huu ni mchezo wa dalali anayeuza nafasi. Nikaandika ripoti kwa kamati: udanganyifu wa kundi, maombi yote yafutwe, wahusika wasiruhusiwe kuomba tena kwa miaka mitatu. Niliiandika kwa kalamu moja kwa moja, nikatia sahihi. Ilikuwa isomwe Jumatatu.

Alhamisi mchana, dirisha la udahili limeshafungwa, nikakuta msichana na mama yake wamekaa kwenye ngazi. Mama akanisalimia Kigogo, "Mbukwa," nikaitikia, maana hicho ninacho. Msichana akasema shikamoo, akasimama.

"Marahaba. Dirisha limefungwa, mwanangu. Kesho saa mbili."

"Tumetoka Haneti, mama. Nimekuja kuulizia ombi langu tu. Sijajibiwa."

Jina lake Sechelela Ndahani. Niliposikia Haneti nilimwangalia vizuri, nikafungua ofisi. Nikamtafuta kwenye kompyuta, yumo, wa ishirini na tatu kati ya mafundi baiskeli.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

Mama na binti wakatazamana. "Baba ni marehemu, mama. Alikuwa analima uwele."

"Na hii namba ya simu ya nani?"

"Ya kaka Isaka wa steshenari. Kule kwetu aliyetaka kuomba chuo alienda kwa Isaka. Kompyuta anayo yeye."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome alichoandikiwa. Alisoma mara mbili. "Huyu ni baba yake Daudi," akasema taratibu. "Daudi ndiye alijaziwa wa kwanza."

Nilikaa chini. Shule yao ilikuwa kwenye orodha yangu, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hisabati alikuwa na C, fizikia D. Na penye swali la Nafasi za Maandalizi fomu yake ilisema hapana, kwa sababu Daudi alikuwa na C zake zote na hakuzihitaji. Nilikuwa nimekaa kwenye ofisi ile miaka yote nikiwafundisha vijana wasome fomu kwa kuuliza, na watoto arobaini na mmoja niliwafutia miaka mitatu bila kupiga simu moja. Niliona aibu, nasema wazi, aibu ya kuwasha masikio.

Kesho yake mimi na Baraka tulikwenda Haneti na gari la chuo. Isaka tulimkuta dukani, kijana nadhifu, paneli ya jua juu ya bati, kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na tapeli. Alitutolea daftari lenye majina yote, namba za mitihani, na nywila za kila mtu kwa mwandiko wa kupendeza.

"Nimewajazia kwa uangalifu sana, mama," akasema. "Wa kwanza nilitumia karibu siku nzima kumjaza. Alipokubaliwa na kompyuta, nikaona hapo ndipo penye usahihi. Waliofuata nikawafuatishia yeye, nisije nikawakosesha."

Baraka aligeukia ukutani kwa kicheko. Nilimweleza Isaka tatizo, akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Aliniuliza kama atafungwa. Nikamwambia hapana, atafanya kazi. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, na siku ya mnada hakuna anayebaki nyumbani. Tulilala pale kwa mchungaji, asubuhi tukaweka meza kati ya wauza mitumba na mbuzi. Isaka akashika kipaza sauti anachotangazia vocha, akaanza kuita majina, kila jina na jina la baba. Mpaka jua la saa tisa tuliwapata thelathini na wanne. Mbuzi mmoja alikula karatasi ya matokeo ya mtu, tukamwandikia namba kwa kumbukumbu ya Isaka.

Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta akajibu kwa mdomo wake. Sechelela alipofika kwenye swali la Nafasi za Maandalizi, alishika mkono wa Baraka kabla hajabofya.

"Nikisema ndiyo, itaandikwa kwenye cheti?"

"Haiandikwi," nikamwambia.

"Na mtihani wa mwisho?"

"Ule ule wa wote."

"Wataniita wa huruma?"

"Watakuita. Wiki mbili tatu, halafu watachoka."

Akafikiri. "Basi, ndiyo." Na penye sababu ya kuchagua chuo, akasema aandikiwe hivi: nataka kufundisha fizikia kwa sababu sijawahi kumwona mtu akiifundisha. Baraka aliandika, akaniangalia, nikajifanya natafuta miwani.

Jumatatu kwenye kamati ripoti ilisomwa kama nilivyoiandika. Ilipofika kwenye sahihi nikanyoosha mkono. "Hiyo ripoti ni yangu, na ni ya makosa. Naomba niifute." Nikaeleza yote, Isaka, daftari, mnada, mbuzi. Kama kamati ingekataa, Sechelela na wenzake wangekaa miaka mitatu nje kwa kosa langu, na mtoto wa kijijini akikaa miaka mitatu nje hurudi akiwa mtu mwingine, mwenye shamba na mtoto.

Dakta Mushi ndiye aliyesema wa kwanza. "Mama Hawa, mara hii unataka tuwahurumie?"

"Hapana, Dakta. Nataka tuwasome. Bado hatujawasoma."

Akachukua karatasi za fomu zilizosahihishwa, akazipitia moja moja, watu wote wakisubiri. Alipofika kwa Sechelela alikaa hapo kidogo. Halafu akasema yeye hana pingamizi, ila mtihani wa wiki kumi safari hii atautunga mwenyewe. Wajumbe wakaniangalia kama watu wanaomwangalia kuku wa sikukuu. Nikakubali, na ripoti ikafutwa.

Jaribio la kwanza Dakta Mushi aliwaangusha karibu wote, Sechelela akiwemo. Baada ya hapo lilitokea jambo ambalo mwenyewe hakutaka lizungumzwe, lakini na yeye amestaafu, atanisamehe. Alianza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anafungua darasa, anawafundisha wale wa maandalizi mpaka saa mbili. Nikimuuliza anasema hana usingizi, uzee. Mwisho wa wiki kumi wengi walipita. Watatu walirudi nyumbani. Sechelela alipita kwa alama za kawaida, akasoma kwa alama za kawaida, fizikia ya mwaka wa pili akairudia mara moja, akahitimu. Hakuwa wa kwanza wa darasa. Nalisema hilo kwa sababu wanaotetea nafasi hizi hupenda hadithi ambazo msichana wa kijijini anawapita wote. Wengi hawawapiti wote. Wanahitimu tu, wanakwenda kazini.

Alipangiwa shule ya mjini, akaomba uhamisho kwenda kijijini kwao, jambo ambalo afisa utumishi alilisoma mara tatu akidhani kakosea kuandika. Miaka kadhaa baadaye nikapata barua yake.

"Mama, shikamoo. Naomba shule yetu itolewe kwenye orodha ya maandalizi. Mwalimu wa fizikia ni mimi, wa hisabati amefika mwaka jana, na maabara ina vifaa. Wanafunzi wanajua kwamba D inawatosha kuingia chuoni, kwa hiyo wananisomea D."

Nilimpigia simu nikambembeleza asubiri hata mwaka mmoja. Akasema, "Mama, sisi mlituangalia hivyo kwa sababu hatukuwa na mwalimu. Hawa wa sasa wanaye." Kwenye kamati iliyofuata nikaiondoa shule. Baraka, kama unataka jibu la mkato, basi hilo hapo. Nilianza kwa kuzikataa nafasi zile, nikazifanya kwa ubishi, na nilikuja kuziamini kabisa siku mtu aliyepita humo aliponiomba nizifunge kwa watoto wa kijijini kwake.

Ila nisimalizie hapo, kwa sababu kazi haikuishia hapo. Msimu wangu wa mwisho alikuja baba mmoja kutoka kule kule Haneti. Binti yake alikuwa na C za kila mahali, na fizikia D. Alikaa kwenye kiti mbele yangu, akavua kofia akaiweka gotini.

"Mtoto wa jirani yangu aliingia hapa na D hii hii," akasema. "Shule moja, mama. Ile ile."

Nikamweleza kwamba shule imetoka kwenye orodha, kwa nini imetoka, na nani kaomba itoke. Nilieleza vizuri, nina uzoefu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mwanangu anaadhibiwa kwa kupata mwalimu?"

Nilimwomba anisubiri, nikatoka kwenye korido nikampigia Sechelela. Sitaficha nilichokuwa nacho moyoni. Miezi miwili tu nilikuwa nimebakiza, orodha ilikuwa mkononi mwangu, na kurudisha jina la shule ni kazi ya dakika moja. Nikamtajia binti. Akamjua mara moja, anakaa dawati la mbele, anaandika kwa mkono wa kushoto.

"Sechelela, naweza kumwingiza leo. Sema tu."

Nikasikia nyuma yake kengele ya shule na watoto wakitoka madarasani.

"Usimwingize, mama," akasema. Sauti haikuwa imara sana. "Mwambie baba yake nimekosea mimi, sikumbana vya kutosha. Arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aje kwangu Jumatatu. Mwalimu yupo."

Nilirudi ndani nikamwambia yule baba kila neno kama lilivyosemwa, na hilo la mwisho. Aliinama akaiangalia kofia yake, akaigeuza mara moja, akaivaa, akasimama.

"Jumatatu saa ngapi?"